Jukwaa la Sauti: Je, Rekodi ya Stirio ni Kioo cha Tamasha la Okestra? Mtazamo Kutoka Mitaa ya Eastlands, Nairobi

1.0 Utangulizi

Wapenzi wa muziki wa okestra wakutanapo hapa Nairobi, hakosekani mmoja wa kutoa dai hili: kwamba ukiwa na mashine nzuri na spika mbili zilizowekwa inavyofaa, ukifumba macho utaiona okestra nzima mbele yako. Fidla utazisikia upande wa kushoto, selo na besi upande wa kulia, filimbi na zumari katikati, tarumbeta na ngoma nyuma kabisa. Msemaji huyo huongeza kwamba hivyo ndivyo mtu asikiavyo akiwa ukumbini, na kwamba rekodi bora ni ile inayoirejesha hali hiyo bila dosari.

Dai hili lina upande wa pili ambao aghalabu hautamkwi. Ikiwa muziki huo husikika vilivyo kwa njia hiyo tu, basi mtu aliyeusikia kupitia redio ya spika moja, au simu ya mkononi, au kwaya ya kanisa lililoezekwa mabati, hakuusikia. Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Kayole, Dandora na Korogocho, wasikilizaji wa namna hiyo ndio walio wengi. Kwa hiyo suala hili, ingawa kwa juu linaonekana kuwa la wahandisi na wauzaji wa mashine, linahusu pia nani ana haki ya kusema, "Nimesikia."

Makala haya yanadhamiria kulichunguza dai hilo. Kwanza tutaeleza stirio ni nini na hufanyaje kazi. Pili, tutaangalia anachosikia hasa mtu aliyeketi ukumbini. Tatu, tutaeleza jinsi rekodi inavyotengenezwa, kisha tutarudi Eastlands kuona matokeo ya maelezo hayo. Msimamo wetu ni kwamba jukwaa la sauti lisikikalo katika rekodi ya stirio si kioo cha tamasha, bali ni utungo mpya uliotungwa kwa ajili ya msikilizaji asiyeona.

Huenda msomaji akauliza suala hili linaingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba sisi tunaosoma fasihi simulizi tunaishi nalo kila siku. Tunakwenda mitaani na vinasa sauti, tunarudi na rekodi, kisha tunaandika juu ya rekodi kana kwamba tunaandika juu ya utendaji wenyewe. Kosa la mpenzi wa okestra na kosa letu ni ndugu.

2.0 Stirio ni Nini?

Neno "stirio" lina asili ya Kigiriki, na katika lugha hiyo huashiria kitu chenye umbo kamili, kisicho bapa kama picha ya karatasi. Waliolitumia kwa sauti walikusudia kusema kwamba sauti imepewa upana na kina.

Msingi wake umo katika maumbile ya mwanadamu. Masikio yetu mawili yametenganishwa na kichwa. Sauti itokayo kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia, na huwa na nguvu zaidi huko kwa sababu kichwa huikinga isifike upande wa pili. Tofauti hiyo ya wakati ni ndogo mno: hata sauti ikitoka ubavuni kabisa, tofauti haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hata hivyo, ubongo huitambua na kuitumia kujua sauti imetoka wapi. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alilifafanua jambo hili mnamo mwaka wa 1907.

Stirio huutumia uwezo huo kwa namna ya hila. Spika mbili zikitoa sauti ile ile kwa nguvu sawa, msikilizaji aliyeketi katikati hazisikii sauti mbili. Husikia sauti moja tu, na huisikia ikitoka mahali pasipo na kitu chochote, yaani katikati ya spika hizo. Spika ya kushoto ikiongezwa nguvu, sauti hiyo ya kivuli husogea kushoto. Kwa kugawa nguvu baina ya spika mbili, mhandisi anaweza kuziweka fidla hapa na tarumbeta pale. Mpangilio huo wa sauti za kivuli, kutoka ukingo hadi ukingo na kutoka mbele hadi nyuma, ndio tunaouita jukwaa la sauti katika makala haya.

Hila hiyo ina sharti lake. Spika mbili na msikilizaji lazima waunde pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Msikilizaji akisogea hata nusu mita upande mmoja, spika iliyo karibu naye huuteka usikivu wake, na jukwaa zima huporomoka kuelekea huko. Kwa hakika, katika chumba chochote kiti cha stirio ni kimoja tu.

Kihistoria, wazo hili lina vyanzo viwili vikuu. Huko Uingereza, mhandisi Alan Blumlein wa kampuni ya EMI aliomba hataza ya mbinu zake mnamo mwaka wa 1931. Mojawapo ya mambo yaliyomsukuma ni sinema: alitaka sauti ya mwigizaji imfuate mwigizaji anapotembea kwenye pazia. Mwezi wa Januari mwaka wa 1934 alizijaribu mbinu hizo katika studio za Abbey Road jijini London, kwa kuirekodi okestra ya London Philharmonic ikiongozwa na Thomas Beecham. Huko Marekani, wahandisi wa Bell walikuwa na njia nyingine. Tarehe 27 Aprili 1933, okestra ya Philadelphia ilipiga muziki mjini mwake, na sauti ikasafirishwa kwa nyaya hadi ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington, ambako hadhira ilisikiliza jukwaa lisilo na wanamuziki. Mwongozaji wao maarufu, Leopold Stokowski, hakuwa mbele ya okestra siku hiyo. Alikuwa Washington akiongoza mitambo, huku Alexander Smallens akiiongoza okestra Philadelphia.

Wahandisi hao wa Bell walifikiria kwamba, kinadharia, njia bora ingekuwa kulitundika pazia zima la maikrofoni mbele ya okestra, na kila maikrofoni iwe na spika yake katika ukumbi wa pili. Kwa kuwa jambo hilo halikuwezekana, waliridhika na njia tatu. Santuri za stirio zilipoingia sokoni mnamo miaka ya 1957 na 1958, zilibaki njia mbili tu, kwa kuwa mfuo wa santuri una kuta mbili za kuchorwa sauti. Ni vyema msomaji aizingatie hatua hii. Idadi ya spika zinazodaiwa kuurejesha ukumbi ilitokana, kwa kiasi kikubwa, na umbo la santuri.

3.0 Anachosikia Msikilizaji Ukumbini

Tuingie sasa ukumbini. Sauti ya fidla humfikia msikilizaji kwa njia mbili. Kwanza, huja moja kwa moja kutoka kwenye ala. Pili, huja baada ya kugonga kuta, dari na sakafu, mara moja, mara mbili, mara mia. Sauti hizi za pili, zikija kwa wingi na kwa mfululizo, ndizo mwangwi wa ukumbi. Mmarekani Wallace Clement Sabine ndiye aliyeweka kanuni za kupima mwangwi huo, na ukumbi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka wa 1900, ulijengwa kwa kufuata ushauri wake. Katika kumbi zinazosifiwa zaidi, mathalani huo wa Boston na ule wa Musikverein mjini Vienna uliofunguliwa mwaka wa 1870, mwangwi huchukua takribani sekunde 2 kufifia ukumbi unapojaa watu.

Kadiri msikilizaji anavyokwenda mbali na jukwaa, sauti ya moja kwa moja hupungua nguvu, lakini mwangwi hubaki karibu ule ule kila mahali. Kuna umbali ambapo viwili hivyo hulingana. Kwa mujibu wa kanuni za fani hii, katika ukumbi wenye ukubwa wa mita za ujazo 15,000 na mwangwi wa sekunde 2, umbali huo ni kama mita 5 tu kwa ala inayotawanya sauti pande zote. Anayeketi mita 20 kutoka kwa mpigaji husikia mwangwi wenye nguvu mara 16 kuliko sauti ya moja kwa moja. Kwa maneno mengine, takriban kila aliyenunua tiketi ameketi ndani ya mwangwi.

Haina maana kwamba hajui sauti inatoka wapi. Ubongo huipa uzito sauti iliyotangulia kufika, hata kama zinazofuata zina nguvu zaidi. Mjerumani Helmut Haas alichapisha uchunguzi mashuhuri wa jambo hili mwaka wa 1951. Kwa hiyo msikilizaji hujua kwamba muziki unatoka mbele, na tarumbeta ikilia peke yake anaweza kukisia upande. Lakini ala sitini zinapolia pamoja, mipaka baina yake huyeyuka. Wapenzi wengi wa muziki huo husifu kuyeyuka huko: ndiko kunakozifanya fidla ishirini ziwe sauti moja pana badala ya watu ishirini.

Upana nao una hesabu yake. Tuchukue okestra iliyotandaa mita 18 jukwaani. Aliyeketi mita 25 kutoka hapo huiona katika pembe ya digrii 40 hivi. Aliye mita 40 huiona katika digrii 25. Ile pembetatu ya spika mbili, kwa upande wake, hulitandaza jukwaa la sauti katika digrii 60. Ili kupata upana huo ukumbini, msikilizaji angelazimika kuketi kama mita 15 na nusu tu kutoka kwa wanamuziki. Rekodi basi humpa msikilizaji okestra pana kuliko ile inayosikiwa na wengi waliolipa kiingilio.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo kubwa zaidi. Msikilizaji wa ukumbini ana macho, na wahenga walisema macho hayana pazia. Anauona upinde wa fidla ukipanda na kushuka, anamwona mpiga zumari akivuta pumzi, anamwona mwongozaji akizigeukia besi. Sikio hufuata pale jicho lilipotangulia. Ndiyo maana katika sinema tunasadiki kwamba maneno yanatoka kinywani mwa mwigizaji, ilhali spika iko kando. Sehemu kubwa ya usahihi tunaodhani tumeusikia ukumbini tumeuona. Anayetaka kuthibitisha na ajaribu siku moja: afumbe macho katikati ya tamasha, asubiri dakika tano, kisha ajiulize mpaka baina ya fidla za kwanza na fidla za pili uko wapi.

4.0 Kiti Kisichouzwa Tiketi

Ikiwa ukumbini mipaka ya ala hufifia, ile mipaka ya wazi isikikayo katika rekodi imetoka wapi? Imetoka mahali maikrofoni ilipowekwa.

Tangu mwaka wa 1954, wahandisi wa kampuni ya Decca walizoea kuzitundika maikrofoni tatu juu ya kichwa cha mwongozaji, kama mita tatu kutoka sakafuni. Mbinu hiyo ilienea na kuigwa kote duniani. Tuyatafakari mahali hapo. Hakuna tiketi inayouzwa ya kiti hicho. Ni mahali karibu sana na ala, ambapo sauti ya moja kwa moja bado ina nguvu, na okestra imetandaa kushoto na kulia kwa pembe pana mno. Juu ya hayo, maikrofoni nyingine huwekwa karibu na zumari, kinubi au mwimbaji, na sauti zake huchanganywa baadaye na kupangiwa mahali pake. Kisha vipande vizuri vya siku mbalimbali huunganishwa kuwa kimoja. Tamasha linalosikika katika rekodi nyingi za studio halikupata kutokea wakati wowote wala mahali popote.

Hatuyasemi haya kwa nia ya kulaumu. Mhandisi anajua kwamba msikilizaji wake hataona. Akimpa sauti ile ile ya kiti cha mita 25, msikilizaji wa nyumbani ataona imefifia na kuchanganyika, kwa kuwa jicho halipo kuipanga. Kwa hiyo mhandisi hulipia deni la jicho kwa kuyaongezea masikio: anapanua jukwaa, anasogeza ala karibu, anachora mipaka. Hii ni sanaa, na wapo walioichagua badala ya tamasha. Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, aliacha kabisa kupiga mbele ya hadhira mwaka wa 1964, akaelekeza kipaji chake katika kurekodi. Kwake yeye studio ilikuwa jukwaa lenye kanuni zake, na rekodi ilikuwa kazi kamili inayojitegemea.

Mwanafunzi wa fasihi ataitambua hali hii papo hapo. Mwandishi anayeuchapisha utendi uliosimuliwa hukosa ishara za mikono, uso na kiimbo. Kwa hiyo hugawa beti, hutia alama za uakifishaji, huongeza maelezo ya mandhari. Anachotoa kina thamani, lakini si kile kilichotendeka usiku ule. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka wa 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utendaji ni sehemu ya kazi yenyewe. Nao Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliandika mwaka wa 1976 juu ya fasihi na sanaa za maonyesho kwa pamoja, jambo linalotukumbusha kwamba neno na onyesho hayaachani kwa urahisi.

5.0 Okestra Isiyo na Ukumbi: Mfano wa Korogocho

Nairobi ina historia ndefu ya muziki huu. Chuo cha muziki kijulikanacho leo kama Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa mwaka wa 1944, na Nairobi Orchestra mwaka wa 1947. Kwa miaka mingi matamasha yake yalikuwa mbali na Eastlands, kwa umbali wa barabara na kwa umbali wa kiingilio. Watu wa Eastlands waliujua muziki huo kwa milango mingine: redio, Tamasha la Muziki la Kenya lililoanza mwaka wa 1927, ambalo hadi leo huwafikisha wanafunzi jukwaani, na kwaya za makanisa ambazo kila Krismasi huimba "Haleluya" ya Handel.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 mlango mpya ulifunguliwa. Mradi wa Ghetto Classics, ulioasisiwa na Elizabeth Njoroge, ulianza kuwafundisha watoto na vijana wa Korogocho kupiga ala za okestra katika uwanja wa Parokia ya Mtakatifu Yohana, jirani na jaa kuu la Dandora. Tangu wakati huo vijana wengi wa mitaa hiyo wameshika fidla, selo na tarumbeta, na baadhi yao wakawa walimu wa wadogo zao.

Mfano huu unatusaidia kuona jambo ambalo kumbi za Ulaya hulificha. Tuseme kikundi cha vijana kinafanya mazoezi uani, mahali pa wazi. Hapo hakuna dari wala kuta nne za kurudisha sauti. Mwangwi ni mdogo, na sauti ya moja kwa moja ndiyo inayotawala. Mtoto aliyesimama mita tatu kutoka kwa wapigaji, akifumba macho, anaweza kuonyesha kwa kidole kila ala ilipo. Yaani ule usahihi wa mahali ambao mwenye mashine ghali anajivunia, na ambao aliyeketi katika kiti cha katikati huko Vienna haupati kwa kiwango hicho, mtoto wa Korogocho anaupata bure akiwa amesimama mchangani.

Anachokikosa ni kile ambacho ukumbi hutoa: mwangwi wa sekunde 2, unaozifunga sauti pamoja na kuzipa noti ndefu mwili. Zaidi ya hayo, kelele za barabara na za mitaa huvimeza vifungu vya sauti ya chini. Naye mpigaji mwenyewe husikia tofauti na wote wawili. Aliyeketi katikati ya selo husikia selo kwanza, fidla kwa mbali, na tarumbeta kisogoni. Hakuna rekodi inayouzwa ambayo humweka msikilizaji hapo, ilhali hapo ndipo kijana huyo anapoujua muziki.

Tunaona basi kwamba hata kabla ya kuifikia rekodi, "kusikia okestra" si jambo moja. Kuna kusikia kwa kiti cha mbele, kwa kiti cha nyuma, kwa uani na kwa ndani ya okestra. Rekodi ya stirio imeongeza namna ya tano, na haina mamlaka ya kuzihukumu nne zilizotangulia.

6.0 Chumba, Ploti na Simu

Turejee kwa msikilizaji wa nyumbani. Familia nyingi za Eastlands huishi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja kuna kitanda, upande wa pili kuna makochi na meza, na jiko karibu na mlango. Hata spika mbili zikipatikana, zitawekwa panapopatikana nafasi: moja juu ya kabati, nyingine chini ya meza. Ile pembetatu haipo, na hata ingekuwapo, nani angekalia hicho kiti kimoja? Baba? Mgeni? Mtoto anayefanya kazi ya ziada ya shule? Stirio ilibuniwa kwa mtu mmoja, aliyetulia, katika chumba kilicho kimya. Muziki wa ploti ni wa wengi: anausikia anayefua nguo uani, jirani wa ng'ambo ya ukuta na anayepita kwenye ushoroba.

Vijana wengi wameikwepa shida hii kwa kutumia vipokea sauti vya masikioni. Hapo stirio hubadilika tena. Kila sikio hupata njia yake peke yake, na jukwaa halisikiki mbele ya uso, bali ndani ya kichwa, kutoka sikio hadi sikio. Ni usikivu wa karibu sana na wa siri, lakini hakuna ukumbi duniani ambamo fidla huketi ndani ya fuvu la msikilizaji.

Je, anayesikiliza kwa spika moja ya simu amepoteza nini? Tuwe wakweli: amepoteza mengi. Sauti nene za besi hazimo, kwa kuwa spika ndogo haiwezi kuzitoa. Tofauti baina ya mnong'ono wa fidla na mngurumo wa okestra nzima imefinywa. Rangi za ala zimefifia. Lakini kile anachoambiwa amekikosa zaidi, yaani kujua nani ameketi wapi, ni hasara ndogo kuliko hizo, maana hata wa ukumbini alikipata kwa macho. Mwenye fedha kidogo anayetaka kuukaribia ukumbi angefaidika zaidi kwa spika moja kubwa na nzuri kuliko kwa mbili dhaifu. Na mwenye nauli ya kwenda kuwasikiliza vijana wakipiga atafaidika kuliko wote.

7.0 Funzo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Uswahilini tuna mfano wa kale wa suala hili. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, ambako aliimba taarab kwa ajili ya santuri za His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri za wakati huo ulibeba kama dakika tatu tu, na sauti ilitoka mahali pamoja. Usiku wa taarab hauna mpaka wa dakika tatu. Wimbo hurefuka hadhira inapofurahi, watu huinuka kutunza, na mcheza kwao hutunzwa. Katika santuri hakuna anayetunza. Hata hivyo, santuri hizo zilimfikisha Siti kwa watu ambao hawangeingia ukumbini kamwe, na zimeihifadhi sauti yake hadi leo. Santuri hizo hazikuwa usiku wa taarab, na hazikuwa uongo. Zilikuwa kazi ya namna nyingine, na inafaa zisikilizwe hivyo.

Mwandishi wa makala haya alijifunza somo hili kwa kosa lake mwenyewe. Alipokuwa akikusanya nyimbo za matanga katika mtaa mmoja wa Eastlands, alikiweka kinasa sauti chake, chenye maikrofoni mbili ndogo, juu ya meza mbele ya kiongozi wa nyimbo. Rekodi ilitoka safi. Sauti ya kiongozi ilikuwa katikati, wazi, bila doa. Akinukuu nyimbo hizo nyumbani, aliandika katika rasimu yake kwamba waitikiaji walikuwa wachache na kwamba hadhira ilishiriki kwa kiasi kidogo. Baadaye alimsikilizisha rekodi hiyo mama mmoja aliyekuwapo usiku ule. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa mwanangu, sisi tulikuwa wapi?" Ua lote lilikuwa limejaa watu wakiitikia. Maikrofoni ilikuwa imewageuzia kisogo, na meza ilikuwa karibu na kiongozi kama zile maikrofoni za Decca zilivyo karibu na mwongozaji. Sentensi ile ilifutwa. Kama mama yule asingeulizwa, ingeingia katika tasnifu na kusomwa kama ukweli juu ya watu wa mtaa ule.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mtafiti aandike mahali kinasa sauti kilipowekwa na kilielekea wapi, kama aandikavyo jina la mtaa na tarehe. Pili, panapowezekana, atumie vinasa sauti viwili, kimoja karibu na fanani na kingine katikati ya hadhira, na asivichanganye kabla ya kuvisikiliza kila kimoja peke yake. Tatu, achore ramani ndogo ya waliokaa na waliosimama, kwa kuwa jicho lilichoona halitasikika. Nne, arudi na rekodi kwa waliokuwapo, awasikilize wakiisikiliza. Kamera ya video nayo haituondolei wajibu huu, maana nayo huchagua wa kumwelekea.

8.0 Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza iwapo rekodi ya stirio ni kioo cha tamasha la okestra. Tumeonyesha kwamba ukumbini msikilizaji huketi ndani ya mwangwi, na kwamba macho yake humsaidia kuzipanga ala. Rekodi hutengenezwa kutoka mahali ambapo hakuna mtu aketiye, na huongeza upana na mipaka ili kufidia macho yasiyokuwapo. Kwa hiyo jukwaa la sauti ni utungo wa mhandisi. Lina uzuri wake, na anayelipenda hajakosea. Hukosea anapolifanya kipimo cha kusikia kwa wengine.

Kwa watu wa Eastlands, maana yake ni kwamba aliyeimba "Haleluya" katika sauti ya tatu ya kwaya ya mtaani, na kijana wa Korogocho anayeijua simfoni kutoka kiti cha selo, hawahitaji cheti cha mwenye spika mbili. Wamesikia. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, maana yake ni wajibu. Kila rekodi tunayoihifadhi ina kiti chake. Tukisahau kusema kiti hicho kilikuwa wapi, watakaotusoma watadhani hakukuwa na watu wengine uani.